Mama Pindo na Daftari la Vipimo

Kabla ya hadithi, nawategea kitendawili. Viko vitu viwili juu ya meza moja ya fundi. Kimoja ukiwaonyesha watu, wateja wanaongezeka. Cha pili ukiwaonyesha watu, wateja wanakwisha. Vyote viwili vinalala hapo hapo mezani, na mkono unaovigusa ni mmoja. Ni nini na nini?

Usijibu bado. Weka jibu lako mfukoni, tutalitoa mwishoni tuone kama limebaki vilevile.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo. Jina hilo hakupewa na wazazi. Lilitoka kwenye mapindo ya nguo zake, ambayo hayakuwahi kufumuka. Gauni lake lingeweza kupauka, likachanika kwapani, likageuzwa tambara la kupigia deki, na bado pindo likawa limeng'ang'ania palepale alipolishona.

Chumba chake cha kazi kilikuwa upande wa mbele wa nyumba yao, kinatazama barabara. Asubuhi jua liliingia dirishani likajilaza juu ya meza ya kukatia. Cherehani ilikuwa ya miguu, nyeusi, gurudumu lake limeng'aa mahali pale mkono uliposhika miaka yote. Kulikuwa na pasi, kopo la vifungo, na vipande vya chaki ya bluu vilivyolika hadi vikawa vyembamba kama kucha. Pembeni lilining'inia pazia zito la kijani. Nyuma ya pazia hilo ndipo wanawake walipovua na kupimwa.

Na upimaji wake ulikuwa na taratibu zake. Mama Pindo alipima kimya. Alibana pini nne mdomoni, akazungusha futi kiunoni, akasoma namba kwa macho tu, akaandika kwenye daftari lenye jalada gumu, akalifunga na kulirudisha kwenye droo ya cherehani.

"Mbona husemi ni ngapi?" wateja walimuuliza.

"Nina pini mdomoni," alijibu huku amebana meno.

Na kweli zilikuwemo. Bibi aliyemfundisha kushona alimwambia kwamba pini zina kazi mbili: kushika kitambaa, na kufunga mdomo wa fundi.

Miongoni mwa waliopimwa nyuma ya pazia hilo alikuwamo mwalimu wa darasa la kwanza wa shule ya jirani. Huyu alikuwa mteja wa tangu na tangu. Miaka miwili nyuma aliugua, akaenda kutibiwa mbali, akakaa miezi. Aliporudi, alikuja kwa Mama Pindo na blauzi zake zote ndani ya mfuko. Nyuma ya pazia alifungua vifungo huku anatazama ukuta. Madaktari walikuwa wameondoa titi lake la kushoto ili kumwokoa.

Mama Pindo hakuuliza neno. Alibana pini zake, akapima, akaandika: *Mwalimu. Kushoto: jaza sifongo, inchi mbili.* Kisha akashona bitana yenye kimfuko kidogo kwa ndani, kazi safi ambayo hata mtu aliyekaa naye kiti kimoja asingeitambua. Siku ya kujaribu, Mwalimu alisimama mbele ya kioo, akajigeuza huku, akajigeuza kule.

"Nimerudi," alisema.

Basi. Waliojua habari hiyo walikuwa madaktari wake, mama yake mzazi, na Mama Pindo. Alipokuwa tayari, Mwalimu angeisema mwenyewe kwa mdomo wake.

Sasa sikilizeni jinsi utulivu huo ulivyoingiwa na mdudu.

Ng'ambo ya barabara lilifunguliwa duka la nguo zilizoshonwa tayari. Mbele yake walisimamishwa wale watu wa plastiki wasio na vichwa, wamevalishwa vizuri. Mtu anaingia, anatoka na gauni, hakuna kupimwa, hakuna kuambiwa njoo Alhamisi. Kazi za Mama Pindo zikapungua. Siku nyingine cherehani ililia mara mbili tu, ikanyamaza.

Mdogo wake, msusi mwenye maneno mengi na simu mbili, alikuja siku moja akamkuta ameshika tama.

"Dada, wewe unangoja watu wapite mlangoni?"

"Sasa wapite wapi? Dirishani?"

"Wanapita kwenye simu! Lete simu yako hiyo nikufungulie ukurasa."

Akamfungulia. Na tuseme ukweli, mwanzoni Mama Pindo aliutumia ukurasa ule vizuri, tena vizuri sana, na wewe mwenye biashara hapa usome taratibu. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya gauni lililogeuzwa nje ndani.

Mdogo wake alicheka hadi akakaa chini. "Dada! Nani anapiga picha ya nguo upande wa ndani?"

"Upande wa nje kila mtu anajua kuupiga pasi," alisema Mama Pindo. "Hawa wa ng'ambo waambie wageuze zao tuone."

Chini ya picha aliandika kwa maneno mepesi anashona nini, siku gani, na mtu akitaka kufika apite njia ipi. Siku nyingine alijirekodi akishona kifungo ili kisidondoke tena. Watu wakiuliza, aliwajibu wote, mmoja mmoja, kila siku baada ya chakula cha mchana. Mama mmoja asiyemjua aliandika, "Zipu ya sketi yangu inakwama, nifanye nini?" Akamjibu, "Isugue na mshumaa, mpenzi, halafu ipandishe na kuishusha mara kumi." Yule mama hakutozwa chochote. Wiki iliyofuata alikuja kutoka upande wa pili wa mji na sketi tatu za kushonwa. "Mimi ndiye yule wa mshumaa," alijitambulisha mlangoni, na tangu siku hiyo wakamwita hivyo hivyo, Mama Mshumaa.

Kwa miezi michache benchi la kusubiria likajaa. Vitambaa vilipangwa hadi juu ya kabati. Mume wake, fundi bomba, akirudi jioni anasimama mlangoni kwanza kutafuta pa kuweka mguu.

Lakini kila picha ilikuja na mioyo yake, ile midogo myekundu ambayo watu hubonyeza wakipenda kitu. Siku ya kwanza ilikuwa sita. Ikawa arobaini. Ikawa mia tatu. Na Mama Pindo akaanza kuhesabu. Alihesabu kabla hajanawa uso. Alihesabu mguu mmoja ukiwa kwenye cherehani.

"Mke wangu," mume wake alimtania, "hiyo mioyo ikifika elfu tunaichemsha au tunaikaanga?"

"Wewe cheka tu. Hii ndiyo inaleta watu."

"Haya. Lakini sufuria yako inanukia kuungua."

Ilikuwa imeungua kweli. Na si sufuria peke yake. Kuna koti lilitoka mikononi mwake mkono wa kulia ukiwa umeshonwa kushoto. Kuna mteja alisimama kizingitini na kitambaa mkononi, akaambiwa "subiri kidogo, mpenzi, namalizia hapa," akasubiri, akasubiri tena, akavuka barabara kwenda kwa wale wasio na vichwa. Mama Pindo hakumwona akiondoka. Ile saa yake ya kujibu maswali nayo ilikufa kimyakimya. Maneno ya watu hakuyasoma tena, alisoma namba.

Ndipo mdogo wake alipokuja na habari.

"Dada, kuna fundi mmoja huko, pindo lenyewe anapinda kama anakunja gazeti, lakini ana wafuasi elfu kumi. Unajua anafanyaje? Anajionyesha mubashara! Watu wanamwona akiwa kazini, palepale."

Hiyo ilimchoma. Elfu kumi, na pindo la gazeti!

Jumamosi asubuhi Mama Pindo alivaa vizuri, akaisimamisha simu kwenye kopo la vifungo, akabonyeza. Aliongea kama aliyefunguliwa bomba. Angalieni jambo moja dogo: mdomoni hakuwa na pini hata moja. Aliwaonyesha cherehani, mkasi, kabati la vitambaa. Watu wakaongezeka, mioyo ikapanda ubavuni mwa kioo cha simu kama povu la sabuni. Mtazamaji mmoja akaandika, *Una wateja kweli wewe, au unatupiga porojo?* Hilo alilisoma.

"Sina wateja?" alisema, akavuta droo. "Haya, tazameni wenyewe. Hili ni daftari la tatu, mawili yamejaa!"

Akalifungua mbele ya simu. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine, polepole, kama mtu anayewaonyesha wageni picha za familia. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alichotaka waone ni unene wa daftari tu. Alisahau kuwa picha ya kwenye simu inaweza kusimamishwa na kuvutwa karibu, na kwamba wapo watu wenye muda mwingi na kazi kidogo.

Kufikia mchana, watu elfu nne walikuwa wameitazama. Mama Pindo alikula huku anatabasamu peke yake.

Jumatatu saa nne asubuhi, Mwalimu alisimama mlangoni.

"Mwalimu! Karibu. Leo hakuna shule?"

"Shule ipo. Mimi ndiye sipo."

Alikuwa amekumbatia mkoba wake kifuani, mikono yote miwili. Hakukaa.

"Nimekuja kuchukua vitambaa vyangu. Hata vile ambavyo hujakata."

"Kuna nini, dada yangu? Nimekuchelewesha?"

Mwalimu alitoa simu, akaibonyeza, akampa. "Soma. Si mioyo. Soma maneno."

Mama Pindo akasoma. *Kumbe kiuno cha mama wa duka la dawa ni arobaini na nne, na anavyojibana!* Vicheko hamsini chini yake. *Nani kamwona huyu wa makalio?* Vicheko tena. Kisha: *Mwalimu wa wanangu, kushoto anajazwa sifongo? Kwa nini?* Na mwingine akamjibu: *Kwani hujui? Ndiyo maana alipotea miezi ile.* Na mwingine: *Nimeipeleka kwenye kundi la wazazi.*

"Mimi nilidhani wanasifia kazi," alisema Mama Pindo. Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi.

"Kuna mtoto wangu mmoja darasani, ana miaka saba. Ananipenda sana huyo, kila asubuhi yeye ndiye hunishikia chaki. Leo amenijia, kwa upole kabisa, akanyoosha kidole hapa. Akasema, mwalimu, ni kweli hapo una sifongo? Mama amesema."

Mama Pindo alifunga macho.

"Siku ile nyuma ya pazia lako nilihesabu watu," Mwalimu aliendelea, bila kupandisha sauti. "Tulikuwa wawili, mimi na wewe. Sasa wewe ndiye hodari wa kuhesabu watu, nihesabie. Tuko wangapi?"

Mama Pindo alitoa vitambaa kabatini, akavikunja, akavitia kwenye mfuko. Mwalimu alivipokea akaondoka, mkoba bado kifuani.

Baada yake wakaja wengine, mmoja leo, wawili kesho, kila mmoja na sababu yake ya uongo. Huyu safari imeahirishwa, huyu mumewe amebadili rangi. Mwenye duka la dawa peke yake ndiye aliyesema ya moyoni: "Kumbe wewe unapima huku unatangaza mnada!" Hata Mama Mshumaa hakuonekana. Mwisho wa wiki benchi lilibaki tupu, paka wa jirani akalala juu yake.

Na hapa nawategea kingine, chepesi: nyumba yangu imefurika wageni, lakini hakuna kiti kilichokaliwa. Jibu lake ni ukurasa wa Mama Pindo wiki ile. Wafuasi walikuwa wamefika elfu saba! Walikuja kucheka, wakabaki kusubiri kichekesho kingine. Hapakuwa hata na mmoja mwenye kitambaa mkononi.

Mdogo wake, naye kwa nia njema, alikuja na dawa yake.

"Dada, usilie bure, lia mubashara! Waombe msamaha, toa machozi kidogo. Watu wanapenda machozi. Mtaje na Mwalimu, waeleze alivyoumwa, watakuonea huruma. Utagusa elfu kumi wewe!"

Na Mama Pindo, jinsi alivyokuwa amevurugikiwa, alikubali. Alifunga kitambaa safi kichwani, akasimamisha simu kwenye kopo la vifungo. Kidole kilikuwa kimebaki inchi moja kufika kwenye kioo mume wake alipoingia na mfuko wake wa zana, suruali imelowa magotini.

"Unafanya nini?"

"Namwomba Mwalimu msamaha."

Akachungulia kwenye simu. "Mwalimu yumo humu ndani?"

"Hayumo, lakini watu..."

"Mama watoto, nisikilize. Nikikosea nikapasua bomba jikoni kwa mtu, siendi kusimama barabarani kutangaza kwamba jiko la fulani limejaa maji. Narudi jikoni kwake na spana yangu, nainama."

"Shemeji, hayo ya mabomba ni mengine," alisema mdogo mtu.

"Maji ni maji, shemeji. Yameshamwagika. Wewe unataka dada yako afungulie zaidi?"

Mdogo mtu alinyamaza, na wanaomjua wanasema hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mama Pindo alitazama kopo la vifungo, akatazama simu, akailaza kifudifudi. Aliona sasa alichotaka kufanya. Alitaka kukipeleka kidonda cha Mwalimu sokoni mara ya pili, safari hii akikipamba na machozi yake mwenyewe.

Kwanza aliifuta ile video. Halafu alikaa siku mbili nzima akiwaandikia wote walioisambaza, mmoja mmoja, kama alivyokuwa akijibu maswali zamani: *Naomba uifute. Kosa ni langu, si la waliomo.* Wengi walifuta. Wengine walijitia hamnazo. Mmoja alimtukana; Mama Pindo akamshukuru kwa kusoma, akamwandikia tena hadi yule akaifuta. Kwa mama aliyesimamia kundi la wazazi hakuandika, alikwenda kwa miguu, akasimama pale hadi ilipofutwa mbele ya macho yake.

Kisha akavuta droo, akatoa daftari la tatu, akachukua mkasi. Kurasa alizoonyesha zilikuwa na wanawake kumi na mmoja. Akazikata kipande kwa kipande, kila mwanamke na chake, akapiga moyo konde akatoka.

Mwenye duka la dawa alimwacha asimame nyuma ya foleni nzima, kisha akapokea kipande chake akakisoma kwa kukunja uso.

"Arobaini na nne hii ni ya mwaka juzi," alisema. "Sasa ni arobaini na sita. Ukitangaza, angalau tangaza sahihi!" Akacheka, na Mama Pindo akacheka huku machozi yanamdondoka juu ya kaunta ya watu.

Wa mwisho alikuwa Mwalimu. Alifungua mlango mwenyewe.

"Sikuja kujitetea," alisema Mama Pindo. "Niliyafungua yaliyokuwa yako bila kukuuliza, kwa sababu ya sifa. Hiki ni kipande chako. Kwangu hakuna tena mahali jina lako limeandikwa."

Mwalimu alikipokea. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Mlango ukafungwa taratibu. Ungefungwa kwa kishindo, Mama Pindo angejua ni hasira, na hasira ina siku yake ya kupoa. Huu ulifungwa kama wa mtu aliyechoka. Akarudi nyumbani mdogo mdogo.

Madaftari yote matatu aliyakata hivyo hivyo, na wateja wote akawarudishia vipimo vyao. Kuanzia hapo akabuni utaratibu mpya. Kila mteja alipewa kadi ngumu yenye vipimo vyake, akae nayo mwenyewe, na akitaka kushona aje nayo. Pini zikarudi mdomoni. Simu ikahamia kwenye droo ilipokuwa daftari, na mtu akiingia chumbani haikutoka humo.

Ukurasa ulikaa kimya wiki tatu. Siku alipourudia, aliweka picha moja ya kadi tupu juu ya meza, pembeni futi na chaki. Akaandika: *Vipimo vyako utakaa navyo wewe. Mimi nabaki na sindano.* Mioyo ilikuwa kumi na tisa. Wafuasi wakaanza kumkimbia, leo mia, kesho mia mbili, maana kichekesho hakikuwapo. Yeye alikuwa akishona. Nguo alizipiga picha zikiwa zimetundikwa, baada ya mwenyewe kukubali, na asiyekubali hakuulizwa mara ya pili. Ile saa ya maswali baada ya chakula cha mchana aliifufua.

Wa kwanza kurudi alikuwa Mama Mshumaa. "Nimeona kadi," alisema, "nikasema huyu sasa kapona." Akaja na jirani yake, na jirani akaja na dada yake. Lile duka la ng'ambo halikuhama, wala Mama Pindo hakutajirika. Ila paka alitafuta pengine pa kulala.

Mwalimu hakuja. Miezi ikapita, Mama Pindo akawa anamwona kwa mbali, amevaa blauzi za dukani zilizombana mabega, na kila alipomwona alishika kazi yake kwa nguvu zaidi.

Shule zilipokaribia kufungwa, asubuhi moja, akasikia hodi akiwa ameinama.

"Karibu," alisema kwa meno, pini nne mdomoni. Akainua uso.

Mwalimu aliweka juu ya meza karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa kile kipande. Mama Pindo akakikunjua. Maneno *jaza sifongo* yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu, mstari ulionyooka, kama wanavyokata walimu. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa mwandiko mzuri wa ubaoni: *Usijaze.*

Alitema pini kiganjani.

"Nilimjibu yule mtoto," alisema Mwalimu. "Nilimwambia ndiyo, ni sifongo, kwa sababu madaktari waliondoa kilichokuwa kibaya. Akaniuliza kama inauma. Nikamwambia haiumi tena. Akaenda kucheza. Halafu nikajiuliza, sasa naijaza kwa ajili ya nani? Tena ina joto, hujui tu."

Mama Pindo alitaka kusema kitu. Mwalimu aliinua kidole, kama darasani.

"Usidhani nimekuja kukushukuru."

"Sidhani."

"Ningelisema mwenyewe, siku yangu. Hiyo siku uliichukua wewe, na huwezi kunirudishia."

"Najua, dada yangu."

"Lakini hizi blauzi za dukani zimenichosha, na wewe unashona kuliko wote. Nataka gauni la siku ya kufunga shule, likae sawasawa na nilivyo. Haya, nipime."

Akaingia nyuma ya pazia la kijani na kulivuta mwenyewe. Mama Pindo alirudisha pini mdomoni, moja, mbili, tatu, nne, akachukua futi. Ndani ya droo simu ikatikisika juu ya mbao, ikanyamaza, ikatikisika tena. Hakuna aliyegeuza shingo.

Funzo

Toeni sasa majibu yenu mfukoni. Kitu kinacholeta wateja kikionekana ni kazi ya fundi. Kinachowafukuza kikionekana ni siri ya mteja. Na ugumu wa maisha ya siku hizi ni kwamba simu haijui kutofautisha hivi viwili. Ni juu yako wewe unayeishika.

Wenzangu wenye biashara, sisemi mzitupe simu. Mama Mshumaa angefika vipi bila simu? Tumia mtandao, onyesha kazi yako hata upande wa ndani, mjibu anayeuliza hata kama leo hana cha kununua, waambie watu unapatikana wapi. Hiyo ndiyo biashara. Lakini jina la mtu, mwili wake, maradhi yake na yote aliyokukabidhi mlipokuwa wawili, si bidhaa yako. Muulize kwanza, na akisema hapana, basi ni hapana. Aliyesimama kizingitini mhudumie kabla ya elfu walio kwenye kioo, kwa sababu wale elfu wanatazama, yeye ameshika kitambaa.

Na ukimkosea mtu mbele ya wengi, usiende kutafuta huruma kwa hao wengi. Vaa viatu, nenda kwake, bisha hodi. Huenda atakufungulia, huenda asikufungulie. Yaliyomwagika mengine hayazoleki, na Mama Pindo analijua hilo kila akifungua droo yake.